Maswali ya Wasomaji: Uso Mmoja, Mikono Mingi

Safari hii tumekusanya barua zinazouliza jinsi ya kuchora sura za watu kwenye kuta za mtaa, kazi ikifanywa na wengi, na wengi wao wakiwa hawajawahi kushika brashi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Jinja, Uganda. Nina wanafunzi 60 wa darasa la sita na ukuta wa bwalo uliokwisha kupakwa rangi nyeupe. Tunataka kuchora uso wa mpishi wetu anayestaafu. Mwaka jana niliwaachia watoto wachore pamoja. Wachache wenye kipaji wakauchukua ukuta mzima, wengine wakabaki kuosha brashi. Nifanyeje kila mtoto ashiriki na bado mpishi ajitambue? (Mwalimu, Jinja)

Jibu: Mwalimu, watoto wale hawakukosea. Ukuta mtupu humwita anayejiamini na humfukuza mwenye haya. Dawa yake ni kuikata picha vipande vidogo kiasi kwamba hakuna anayejua kama ameshika jicho au kola ya shati. Hilo linawezekana kwa sababu mtu hutambulika kwa jinsi mwanga na kivuli vilivyopangwa usoni kuliko kwa mistari. Mtoto asiyeweza kuchora pua anaweza kabisa kujaza rangi ya giza mahali palipoandikwa 4.

Anza na picha yenyewe. Mkalishe mpishi ukingoni mwa baraza saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, mwanga umjie kutoka upande mmoja. Usitumie flashi ya simu, maana inafuta vivuli vya pua na mashavu, na vikifutwa hivyo mtabaki na duara lenye macho mawili. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha uipunguze ibaki na viwango vitano tu vya kivuli. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo. Ukikosa, weka karatasi nyepesi inayopitisha mwanga juu ya picha, uzungushe penseli kwenye mipaka ya vivuli. Kila eneo lipe namba: 1 ni mwanga mkali, 5 ni giza kabisa.

Chapisha picha ya sentimita 20 kwa 30 na uipige miraba ya sentimita 2. Utapata miraba 10 kwa upana na 15 kwa kimo, jumla 150. Ukutani pima mita 2 kwa 3, upige miraba ya sentimita 20. Mistari ya wima ishushe kwa timazi, ya mlalo ipime kwa pima maji. Usifuate ukingo wa ukuta, kwa sababu kuta nyingi hazikunyooka, na kosa la sentimita 1 kwa kila mraba huwa sentimita 15 ukifika chini. Mpishi atatoka na uso wa kuvutwa. Uzi wa fundi uliopakwa unga wa chaki ukivutwa na kuachiwa ghafla hupiga mstari wa mita 3 kwa mara moja, na watoto watagombania zamu ya kuuachia. Waachie wote, mmoja mmoja. Mistari ipo 27, basi wengine warudie juu ya mistari iliyofifia.

Sasa kata picha. Nyuma ya kila kipande andika anwani yake (C7, H12) na mshale unaoonyesha upande wa juu. Mshale huo ndio unaosahaulika kila mara, na kipande kikigeuka, kivuli cha kidevu hutua kwenye paji la uso. Kabla ya bahati nasibu, toa vipande 12 hivi vyenye macho, tundu za pua na pembe za mdomo. Vilivyobaki viingie kwenye ndoo, kila mtoto achomoe viwili. Vitabaki 18 kwa wanaomaliza mapema. Picha nzima kaa nayo wewe. Wakiiona wataanza kuchora "jicho" wanalolijua kichwani badala ya vivuli walivyopewa mkononi, na jicho la kichwani siku zote ni samaki mwenye nukta katikati.

Kwa chaki, kila mtoto aweke kwanza alama pale ambapo mpaka wa kivuli unakata ubavu wa mraba: robo, nusu, au robo tatu. Kisha aunganishe alama na kuandika namba ndani. Baada ya hapo ndipo mchezo wenyewe unaanza: majirani wakutane mpakani. Kama mstari wa C7 unatokea nusu na wa C8 unaingilia robo, mmoja wao amekosea, na wasuluhishe wenyewe bila mwalimu kuingilia. Dakika kumi za mabishano haya huokoa siku nzima ya kurekebisha.

Ukuta wa mita 2 hubeba watoto sita kwa wakati mmoja. Gawa makundi kumi, dakika 40 kila kundi, kwa siku mbili. Miraba ya juu wachorewe na wazazi na walimu kwenye jukwaa imara lenye reli; dawati juu ya dawati litavunja mtu mguu.

Kuhusu rangi, tumia rangi ya maji ya nje. Ngozi nyeusi isichanganywe kwa nyeusi na nyeupe peke yake, kwani hutoka ya majivu kama mtu mgonjwa. Msingi uwe nyekundu ya udongo, njano ya haradali na nyeusi kidogo. Ukitaka kuipandisha, ongeza haradali kwanza, nyeupe baadaye na kwa kijiko. Mwanga mkali wa namba 1 tia tone la bluu, kwa kuwa paji la uso jeusi hung'aa rangi ya mbingu. Eneo lenu ni mita mraba 6, mara mbili, na lita moja hufunika mita mraba 8 hivi kwenye lipu laini. Pamoja na kinachomwagika, lita 2 na nusu zinatosha: namba 3 lita moja, namba 2 na 4 nusu nusu, namba 1 na 5 robo robo. Mimina mililita 100 tu katika kila kikombe cha chupa iliyokatwa. Pakeni kwanza maeneo yote ya namba 3, kisha ya 4 na 5, mwisho ya 2 na 1.

Vile vipande 12 wape watoto wawili wawili siku ya pili, picha ikiwa imeshatokea. Halafu rudi nyuma mita 15, uupige picha ukuta kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe: mraba wenye namba isiyo yake utauona papo hapo. Huo rekebisha. Tofauti za mikono ziache. Mraba wa mwenye brashi nzito kando ya mraba wa mwenye brashi ya woga ndio uzuri wa kazi hii, na mwalimu anayepita jioni kulainisha kila kitu anawanyang'anya watoto ukuta wao.

Swali: Sisi ni kina mama wa Bombo, kikundi cha kusuka vikapu. Vijana wetu wanataka kupamba ukuta wa njia ya sokoni kwa sura za mabibi. Mabibi wanasema hawajui kuchora, na wengine hawataki nyuso zao zionekane kabisa. (Katibu wa kikundi, Bombo)

Jibu: Dada katibu, mabibi wasilazimishwe. Upo mchoro wa heshima usioonyesha uso: kivuli cha ubavuni. Mbandike bibi karatasi kubwa ukutani, akae kwenye kiti bega likikaribia kugusa karatasi, na taa ya simu iwekwe mita 2 au 3 kutoka kwake, sawa na kimo cha sikio lake. Taa ya simu inafaa kwa sababu ni ndogo. Taa kubwa ya dari hutoa kivuli chenye ukungu pembeni. Taa ikisogea karibu, kivuli kinavimba na pua inakuwa ndefu, na hapo ndipo vicheko huanza, basi waacheni wacheke na kujaribu kabla ya kuchora kwa uhakika. Mjukuu afuate ukingo wa kivuli kwa penseli asiinue mkono kutoka kwenye nywele hadi kifuani. Kilemba na namna ya kufunga shela vitamtambulisha bibi kwa majirani bila jicho hata moja kuchorwa.

Kata umbo hilo kwenye karatasi ya manila, lihamishe ukutani, na ndani yake mabibi wapake ruwaza za vikapu wanavyovisuka wenyewe. Hapo watu wanaosema hawajui kuchora watawapita vijana, kwani mikono yao imehesabu mizunguko ya rangi miaka mingi.

Kwa walio radhi kuchorwa, anzeni na zungusha karatasi. Watu kumi wakae duara, bibi mmoja katikati, kila mtu na karatasi na kalamu ya wino. Penseli hapana, ina kifutio na kifutio huleta woga. Sekunde 40 kila mtu achore umbo la kichwa tu, kisha karatasi iende kushoto. Anayefuata achore nyusi, mwingine macho, hivyo hivyo hadi shanga za shingoni. Dakika saba baadaye mna sura kumi ambazo hakuna mwenye nazo peke yake, na hakuna wa kuaibika. Bibi achague moja ya kukuza ukutani. Uamuzi uwe wake, hata akichagua ile ambayo vijana wanaiona mbaya.

Swali: Tulichapisha nyuso za wachuuzi wa soko letu, tukazibandika kwa uji wa unga kwenye ukuta. Wino ulitiririka, karatasi zikajaa makunyanzi, na baada ya mvua mbili hakuna kitu. Tulikosea wapi? (Kikundi cha vijana, Kampala)

Jibu: Mmekosea mahali patatu, na wino ndio wa kwanza. Printa ya wino wa maji haifai. Tumieni printa ya leza au fotokopi, ambayo huyeyusha unga wa plastiki juu ya karatasi, na maji hayautoi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ni nzuri kuliko nene: nene haikai kwenye vinundu vya lipu. Uso mmoja kwenye A4 16, nne kwa nne, hutoa picha ya sentimita 81 kwa 116 hivi baada ya kupandanisha. Printa huacha ukingo mweupe, kwa hiyo kata ukingo wa kushoto na wa juu wa kila karatasi, kisha ipande juu ya iliyotangulia kwa sentimita moja.

Pili, uji. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, kisha umimine ndani ya vikombe vinne vya maji yanayochemka. Koroga kwa moto mdogo dakika tano hadi nane, hadi weupe upotee na uji uanze kupitisha mwanga. Uji usioiva haushiki. Upoze, uchuje. Wa muhogo hukauka ukiwa angavu zaidi, ndio tunaoupendelea kwa picha zenye weusi mwingi. Siku ya tatu utakuwa umechacha, basi pikeni wa siku hiyo.

Tatu, makunyanzi. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika papo hapo, hutanukia ukutani na kujikunja. Ipake uji mgongoni, iache dakika mbili au tatu ilegee, paka uji ukutani pia, bandika, kisha fukuza hewa kwa brashi pana kutoka katikati kwenda pembeni. Juu yake paka tena uji uliotiwa robo ya gundi nyeupe ya mbao. Kingo zisipopata gundi ya kutosha, mtoto wa kwanza kupita ataona ncha inayopepea na kuivuta. Mbuzi naye hula karatasi yenye unga, basi msishuke chini ya mita moja.

Kuhusu mvua, karatasi ni ya muda. Chini ya baraza hudumu miezi, kwenye mvua wiki chache. Msanii Mfaransa JR alipofunika mapaa ya Kibera kwa macho na nyuso za wanawake mwaka 2009 hakutumia karatasi. Alitumia plastiki isiyopitisha maji, na picha zikawa pia kinga ya mvua kwa nyumba. Kama mna fedha za bango la turubai, chaguo hilo lipo. Kama hamna, bandikeni mkijua kwamba mtarudi kubandika nyuso nyingine, na wachuuzi waliokosa zamu ya kwanza watafurahi.

Swali: Tulipaka ukuta wa ushirika huku Gulu mwezi wa nne. Mwezi wa saba rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka, hasa chini. (Fundi rangi, Gulu)

Jibu: Fundi, ukuta huo ulikuwa na maji ndani yake. Kaskazini mvua huanza karibu na mwezi wa nne na kuendelea hadi wa kumi, na ninyi mliyafungia maji humo yakiwa yanaingia. Kabla ya kupaka tena, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kwa utepe pande zote, ukiache siku nzima. Ukikuta matone ndani, usipake. Lipu jipya nalo lisubiri siku 28, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaokula rangi, hasa ya mafuta; rangi ya mafuta kwenye lipu bichi hugeuka kama sabuni na kuachia.

Ule unga mweupe wa chumvi usiuoshe. Maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Usugue ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, subiri wiki, usugue tena. Pitisha kiganja ukutani: kikirudi cheupe, ukuta unahitaji praima ya kushika vumbi kabla ya rangi yoyote. Na zile sentimita 60 za chini, ambako mvua inaruka na udongo mwekundu, msichore uso hapo. Pakeni rangi ya udongo wenyewe, na uchafu hautaonekana. Rangi kuukuu ya mafuta ikiwepo, msiisugue ikiwa kavu wala watoto wasiwe karibu: huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Iloweshe kwanza. Rudini kazini kiangazi kikishika, mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili.

Swali: Ukuta wetu una urefu wa mita 12, umejaa madirisha, na miraba hatuiwezi. Kuna njia nyingine? (Kikundi cha sanaa, Mbale)

Jibu: Ipo, na ndiyo watoto wanayoipenda kupita zote. Wapeni rangi iliyozimuliwa kwa maji, iliyokaribiana na rangi ya msingi, waujaze ukuta michoro ya ovyo: samaki, herufi za majina, jua, kiatu, kila mmoja wa sentimita 30 hadi 50. Sharti ni moja tu, mchoro usijirudie. Samaki wawili wanaofanana watampoteza mchoraji. Simama katikati, mbele kabisa ya ukuta, upige picha. Ukipiga kwa ubavu, sura itainama. Kwenye simu ilaze picha ya sura juu ya picha ya ukuta, uififishe nusu. Sasa unasoma ukuta kama ramani: pua inaanzia mkia wa samaki, sikio linakata herufi K. Rangi za mwisho zitafunika mengi ya michoro hiyo. Acheni michache ionekane kwenye nywele au nguo.

Swali: Rangi ni ghali. Udongo wetu mwekundu unafaa? (Msomaji, Kumi)

Jibu: Unafaa, na ninyi mna ushahidi karibu: michoro ya miamba ya Nyero, yenye miduara iliyozingirana, mingi ni ya rangi nyekundu. Wekundu wa udongo ni chuma kilichoshika kutu, na jua haliufifishi kama linavyofifisha nyekundu nyingi za dukani. Loweka udongo kwenye ndoo, koroga, subiri dakika moja mchanga utue, kisha umimine maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine. Yaache usiku kucha, umwage maji ya juu. Tope laini lililobaki, vikombe vitatu, changanya na kikombe kimoja cha gundi nyeupe. Jaribu kwanza mahali padogo. Ikikauka, sugua kwa kidole chenye maji: ikitoka, ongeza gundi, ikipasuka, tope ni zito, ongeza mchanga uliochekechwa. Pakeni chini ya baraza.

Swali: Ruhusa tunaomba kwa nani, na je, mtu akichorwa lazima aseme ndiyo? (Mratibu wa vijana, Kampala)

Jibu: Mwenye ukuta kwanza, kwa maandishi. Kisha mwenyekiti wa kijiji au mtaa, yaani wa LC1, ili majirani wasishtuke. Kwa Kampala ulizeni pia mamlaka ya jiji, KCCA, miji mingine halmashauri ya mji. Pelekeni mchoro mdogo wenye rangi zake, na mfikirie rangi ya nyuma ya uso: njano, nyekundu, bluu na kijani hutumiwa na vyama vya siasa, na uso mkubwa wa mama muuza ndizi kwenye njano tupu unaweza kusomwa kama kampeni.

Mchorwaji lazima akubali. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Karatasi iseme picha itakaa wapi, muda gani, na kama itawekwa mtandaoni, kwa lugha anayoisoma mwenyewe. Akibadili nia rangi ikiwa bado mbichi, futeni. Kwa marehemu, kaeni na familia yake mkiwa na mchoro mkononi, na muwaachie siku mbili tatu wajadiliane kabla ya kurudi kuchukua jibu.